Mtu wa Boito Aliyekataa Chai

Bethwel wa Boito alivuta bangi miaka ishirini na miwili, na hakuna jirani aliyemwuliza swali hata moja. Alipokataa chai kwa wiki tatu tu, nusu ya Konoin ilitaka kujua amepatwa na nini.

Msicheke. Hapa kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa chai. Anaulizwa kama sukari imetosha. Chai tunailima, tunaichuma, tunaibeba mgongoni hadi kituoni, tunangoja gari la kiwanda mpaka miguu inakufa ganzi, na tukirudi nyumbani tumechoka tunapikiwa chai. Mtu akikataa kikombe Boito, ama ni mgonjwa, ama amekukasirikia, ama anadhani umemtilia kitu ndani. Kuna sababu ya nne, nayo ndiyo iliyomletea Bethwel taabu, lakini tutaifikia.

Kazi yake ilikuwa kupogoa majani chai. Kupruni, kama wenyewe wanavyosema. Kila baada ya miaka mitatu au minne miti ya chai hukatwa kwa panga hadi ibaki visiki vya kufika magotini, kisha unangoja miezi mpaka ichipuke upya ndipo uanze kuchuma tena. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi mpaka jua la mchana, na sijaona mtu wa kazi hiyo aliyezeeka na mgongo mzima. Bethwel aliianza akiwa kijana kwenye mashamba makubwa, katika genge la watu kumi na wawili, na msimamizi wao, mtu mmoja aliyeitwa Oyugi, ndiye aliyempa msokoto wa kwanza. Akamwambia ni dawa ya mgongo. Na kweli mgongo ulinyamaza. Ulinyamaza miaka ishirini na miwili, na mambo mengine mengi yakanyamaza pamoja nao.

Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema wazi. Hakupiga mtu, hakuiba, hakulala mtaroni. Alirudi kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, akamwoa Rodah, wakapata watoto watatu, Valary akiwa wa kwanza. Alivuta asubuhi kabla ya kazi, akavuta saa sita, na jioni alikwenda nyuma ya zizi la ng'ombe akavuta wa mwisho. Rodah alipiga kelele miaka sita ya mwanzo. Kisha akachoka, akaacha. Alipakua chakula, akakifunika, akaenda kulala bila kumwita mtu.

Kilichomwangusha Bethwel ni shamba la Nelvine.

Nelvine ni mjane, jirani yao wa upande wa chini. Mwaka huu mwezi wa tatu Bethwel alipewa kazi ya kupogoa shamba linalopakana na la Nelvine. Akavuta msokoto wake wa asubuhi, akaongeza wa pili kwa sababu kulikuwa na baridi, akaanza kukata. Alikata vizuri, mistari imenyooka, akafika mpakani, na akaendelea. Nelvine alipokuja na kikapu kuchuma alikuta mistari mitano ya majani yake, laini, tayari kabisa kwa kuchumwa, imelala chini, na Bethwel amesimama katikati anafuta panga.

"Bethwel," Nelvine akasema, "hiyo ilikuwa ya kuchuma leo."

"Itachipuka," Bethwel akajibu kwa upole, kama anayefariji mtu aliyefiwa.

Hakuelewa alichofanya mpaka saa nane mchana, kichwa kilipoanza kumrudia. Hapo akaketi kwenye visiki vile akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona. Nelvine hakumshtaki kwa chifu, wala hakumtukana. Jioni alimletea Rodah maziwa kama siku zote, na maziwa hayo yalimchoma Bethwel kuliko matusi.

Wiki hiyo hiyo watu wa Kiptere walituma ujumbe. Valary, ambaye ni mwalimu wa nasari, alikuwa amempata kijana wa huko, Kipkurui, wakapendana, na sasa upande wa kijana ulitaka kuja kwa koito, ile siku ambayo wazee wa pande mbili huketi pamoja na msichana akaombwa rasmi. Waliomba wiki sita wajiandae.

"Hao wageni wakikuja," Rodah akamwambia mumewe, "utakaa nao ndani kama baba, ama utakuwa kule nyuma ya zizi?"

 Jumamosi iliyofuata Bethwel alivaa shati safi akaenda kliniki ya watu wanaotaka kuacha bangi.

Ilikuwa upande wa Kaplong, na mshauri aliitwa Nyang'au, Mkisii mfupi mwenye sauti ya chini na viatu vinavyong'aa. Bethwel aliketi, akakunja mkono wa shati, akangoja.

"Mzee, unafanya nini?" Nyang'au akauliza.

"Nangoja sindano."

"Hakuna sindano."

"Basi tembe."

"Hii haina tembe yake. Kuna wewe, kuna mimi, na kuna wenzako ambao wanakutana hapa kila Jumamosi asubuhi."

"Ala! Nimetoka Boito mpaka huku kuambiwa kuna mimi?"

Nyang'au akacheka, kisha akamweleza pole pole. Mwili uliozoezwa miaka ishirini na miwili utadai chake. Atatoka jasho, atakosa hamu ya kula, atakasirika bure, usingizi utapotea, na ukirudi utakuja na ndoto mbaya. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi, halafu kutapungua kidogo kidogo, na hatakufa. Anywe maji, atembee, aoge maji moto jioni, alale saa ile ile kila siku. Akampa kitabu kidogo cha kuandika saa ambazo hamu inamshika na alichofanya mpaka ikapita. Halafu akauliza, "Unakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku?"

"Chai?" Bethwel akafikiri. "Kumi. Siku ya baridi, kumi na viwili."

"Hiyo pia uache. Mwezi na nusu tu. Chai nzito kama yenu inakupigisha moyo na inakunyima usingizi, na mtu wa kuacha bangi asipolala, anarudi."

"Daktari," Bethwel akasema, "bangi nitaacha."

Akaacha bangi, akabaki na chai. Na yote aliyoambiwa yakamjia, kila moja kwa zamu yake, na mengine kwa pamoja. Alitoka jasho mpaka Rodah akawa anaanika mashuka kila asubuhi kama nyumba yenye mtoto mchanga. Ugali ulikuwa udongo mdomoni. Alimfokea ng'ombe kwa kusimama, akamfokea kwa kutembea. Siku ya nne alipiga teke ndoo ya maziwa, ikamwagika yote, na badala ya kuomba msamaha akamwuliza Rodah ni nani aliyeiweka hapo. Rodah akaokota ndoo, akaenda kuiosha. Alipolala kidogo aliota ndoto ndefu zenye rangi, yuko shambani anakata miti, na miti inamwita kwa jina. Bangi ilikuwa imemnyima ndoto miaka yote hiyo. Sasa zilikuja zote, kama watu waliofungiwa nje ya mlango.

Ikapita wiki, akaona amepata nafuu kidogo. Siku ya kumi kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja, na mazishini kwetu unajua, sufuria haitoki motoni. Bethwel alikunywa vikombe saba kwa mazungumzo. Hakupata usingizi hata wa kuku. Kulipopambazuka macho yalikuwa yanawaka, moyo unakimbia, na kabla Rodah hajatoka kukamua, mumewe alikuwa nyuma ya zizi, amewasha.

Alirudi kwa Nyang'au akiwa amejikunyata. Mshauri hakumgombeza. Alimwuliza tu amejifunza nini.

"Nimejifunza chai ni mbaya."

"Chai si mbaya. Ni mbaya kwako mwezi huu. Sasa tuanze tena. Hesabu kutoka leo."

"Nianze tena moja?"

"Eh. Moja."

Jamani, hapo ndipo Bethwel alipochoka. Kuumwa alikuwa amekuzoea. Kilichomchosha ni kuambiwa zile siku kumi za jasho hazihesabiki tena, na koito haikuwa mbali. Alitembea kurudi nyumbani akifikiri angekuwa amekufa mapema angepumzika. Lakini alifika, akamwambia Rodah, "Usinipikie chai." Rodah akamchemshia maji. Hakumsifu. Alikuwa ameshamsikia akiahidi mambo.

Sasa, maji ya moto unaweza kunywa kwako. Kwa watu je?

Bethwel alikuwa anakwenda kwa Nelvine kila siku kumkatia ng'ombe majani na kupalilia, kufidia ile mistari mitano. Saa nne Nelvine alimletea chai. Siku ya kwanza Bethwel akasema ameshiba. Siku ya pili akasema tumbo linamsumbua. Siku ya tatu Nelvine akasimama na kikombe mkononi, uso umemwanguka.

"Bethwel, mimi nilikusamehe. Kama wewe ndiye umenikasirikia, sema."

"Hapana, mama. Sina hasira hata kidogo."

"Basi unaogopa nimeweka nini?"

"Woi, mama! Hapana! Ni vile... siku hizi sinywi chai."

"Siku hizi hunywi chai," Nelvine akarudia. Akamtazama. Akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata ufunguo alioutafuta asubuhi nzima. "Kumbe!"

Na hapa ndipo sababu ya nne. Hebu jiweke mahali pa Nelvine. Mtu ameacha kuvuta, majirani wana pua. Ameacha chai. Kila Jumamosi asubuhi anavaa shati safi, anatoka na kitabu kidogo kwapani, na wiki iliyopita alionekana Kaplong akisimama na Mkisii mwenye viatu vinavyong'aa. Wewe ungesema nini?

"Si ungeniambia tu umekuwa Msabato," Nelvine akasema. "Si jambo la kuficha. Dada yangu aliolewa na Msabato, kwao hawavuti wala hawanywi chai, ni watu wazuri, tena wasafi."

Bethwel alifungua mdomo kumwambia ukweli. Nao ukweli ukakaa pale kooni, mzito, wa kuacha bangi na mashuka na ndoo ya maziwa, na uongo ulikuwa umeshaletwa tayari, umeoshwa, umepigwa pasi. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alikohoa, akashika panga.

Nelvine naye hakuwa na nia mbaya. Aliwaambia watu wawili tu. Baada ya wiki, kituoni watu walipokuwa wakingoja gari, Bethwel alikaribishwa kikombe, na kabla hajajibu mwingine akasema, "Mwache, huyo siku hizi ni wa Jumamosi," na chai ikampita bila maswali. Raha iliyoje! Hakuna aliyeuliza kwa nini mikono inatetemeka. Kama alikaa kimya, walidhani anasali. Kama alikuwa amekonda, walidhani anafunga. Mchungaji wa kanisa lao alihubiri juu ya siku ya kupumzika Jumapili mbili mfululizo akimtazama yeye, na Bethwel akavumilia.

"Na watu wa Kiptere wakisikia?" Rodah akamwuliza.

"Kiptere ni mbali. Watasikia wapi?"

"Baba Valary, wewe umekatia mtu majani mpakani na habari zikafika mpaka Litein. Hii ndiyo itakaa?"

Haikukaa. Valary mwenyewe alikuja nyumbani siku mbili kabla ya wageni, akamsalimu baba yake kwa adabu, na macho yalikuwa mekundu. Bethwel alimsikia jikoni akimwambia mama yake kwamba kwa akina Kipkurui wameanza kunong'ona. Harusi wanataka Jumamosi, kwa sababu watu wote hufanya harusi Jumamosi, na baba wa msichana Jumamosi hatatoka. Wazee wengine walikuwa wanasema afadhali mambo yasimame kwanza.

"Kwa nini hakungoja mpaka nikiolewa?" Valary akalia. "Angekuwa chochote anachotaka, lakini angengoja."

Rodah, ambaye angeweza kumaliza jambo hilo kwa sentensi moja, alisema tu, "Muulize baba yako." Valary hakuuliza. Na Bethwel, pale nje, hakuingia. Alichukua kitabu chake kidogo akaandika saa, na akaandika kwamba alikata kuni. Alikata kuni mpaka banda likajaa.

Siku ya koito ilikuwa siku yake ya ishirini na sita tangu kuanza tena. Hakuwa amelala vizuri. Wageni walifika saa nne, saba kwa idadi, wakasimama langoni mpaka walipokaribishwa, wakaingia, wakaketi upande wao kwenye benchi. Msemaji wao alikuwa Mathew, ndugu ya baba yake Kipkurui, mtu mnene, mpole, mwenye macho yasiyoacha kitu. Salamu zikapigwa, maombi yakaombwa, Rodah akaleta chai.

Kila mtu akapewa kikombe, hata Bethwel. Rodah hangeweza kumruka baba wa nyumba mbele ya wageni. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, yenye tangawizi, na harufu yake ilimpanda Bethwel mpaka machoni. Hakuna mtu aliyekuwa na haja ya chai kuliko yeye. Akashika kikombe, akakiweka chini.

Mathew naye akakiweka chake chini. Wenzake wakamwona, wakaweka vyao. Vikombe vyote viko mezani, vinafuka moshi, na hakuna anayekunywa.

"Boiyot," Mathew akasema, akitumia neno la heshima wanaloitana wazee, "sisi tutakunywa na wewe. Lakini tumesikia jambo, na tusipolinyoosha sasa litatusumbua mbele. Tumesikia wewe siku hizi ni Msabato. Hatuna ubaya na Wasabato. Lakini harusi ya kwetu ni Jumamosi, na hatuwezi kuchukua msichana ambaye babake hatakuja kumtoa. Tunauliza. Ni kweli?"

Valary alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mama yake. Bethwel alimwona. Alijua njia fupi: kunywa kikombe. Kikombe kimoja tu, mbele ya macho yao, na maneno yote ya Sabato yanaisha, na binti yake anaolewa. Nani angemlaumu? Hata Nyang'au hangesema kitu. Lakini Bethwel alikijua kikombe kimoja. Kikombe kimoja koitoni ni vikombe sita, kwa sababu baba wa nyumba hajazi cha mgeni akaacha chake. Na baada ya sita hakuna kulala, na bila kulala, alijijua, kesho asubuhi wageni wakiwa wameshafika kwao na shukrani zao, yeye yuko nyuma ya zizi, anaanza tena moja. Hakuwa na nguvu ya moja nyingine. Alijipima, kwa haki kabisa, akaona hana.

"Si kweli," akasema. "Mimi si Msabato."

Watu wakashusha pumzi. Mathew akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Ngoja," Bethwel akasema. "Na chai sitakunywa."

Mkono wa Mathew ukabaki hewani.

"Mimi nilikuwa navuta bangi," Bethwel akasema. Sauti yake ilikwaruza, akakohoa, akaendelea, maana akisimama hapo hangeendelea tena. "Miaka ishirini na miwili. Nimeacha, leo siku ya ishirini na sita. Silali. Nikinywa chai silali kabisa, na nisipolala nitarudi huko. Ile Jumamosi naenda kliniki, si kanisa. Watu walisema ni Sabato, na mimi nikanyamaza kwa sababu niliona haya kusema hii nyingine. Sasa mmesikia. Harusi nitakuja, Jumamosi, Jumatatu, siku yoyote. Kama mnataka bado."

 Jasho lilimtiririka mgongoni kama siku ya kwanza. Rodah alikuwa amefunika mdomo kwa leso.

Mathew aliwatazama wenzake, mmoja mmoja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe mtu anacheka.

"Bangi?" akasema. "Boiyot! Hiyo tulijua!"

"Mlijua?"

"Eh! Mtu atachukuaje msichana bila kuuliza kwao? Tuliuliza mwaka jana. Tukaambiwa, mama ni mchapakazi, msichana ana adabu, baba anavuta lakini hana maneno. Tukakaa, tukasema basi, tutakwenda hivyo hivyo. Hiyo tulikuwa tumemeza kitambo. Ni Jumamosi ndiyo ilikuwa inatukaa kooni!"

Nyumba nzima ikacheka. Wakachukua vikombe, wakanywa, wakaomba viongezwe. Rodah alimletea mumewe maji ya moto, akayaweka mbele yake bila haya, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akampapasa begani akipita. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yakaja, yakaenda vizuri. Mursik ikatolewa, maziwa yale ya kibuyu, na hiyo Bethwel alikunywa kama wengine, akajibu alipoulizwa, akabariki alipotakiwa kubariki. Saa tisa wageni waliondoka wakiimba.

Wengine wangekuwa wamefurahi. Bethwel alikuwa amechoka mpaka mifupani. Alibaki kwenye kiti chake akitazama benchi tupu, na kicheko cha Mathew kilikuwa kikimzunguka kichwani. Hiyo tulijua. Watu wa Kiptere walijua. Nelvine alijua, kituo kizima kilijua. Miaka ishirini na miwili alikwenda nyuma ya zizi kujificha, kumbe alikuwa amesimama sokoni.

Valary aliingia kukusanya vikombe. Macho yake yalikuwa mekundu tena, lakini safari hii alikuwa anatabasamu.

"Asante, Baba," akasema.

"Na wewe ulijua?"

"Kuhusu bangi?" Alishangaa. "Baba, nimefua mashati yako tangu darasa la tano."

"Na hukusema." Hakutaka hasira iingie, lakini iliingia, ile hasira ya bure ambayo ilikuwa bado haijamwacha. "Hakuna mtu alisema. Mama yako alipiga kelele, basi. Wengine wote mliniangalia tu. Mtoto wangu mwenyewe hakuweza kuniambia, Baba, acha?"

Valary aliweka vikombe mezani.

"Nilikuambia," akasema.

"Lini?"

"Nikiwa darasa la sita. Nilikufuata kule nyuma ya zizi. Nikakuambia uache, nikalia. Na wewe ukalia, Baba. Ulinishika mikono yote miwili, ukaniita jina langu la nyumbani, ukasema imeisha, Chepkosgei, hutaniona nayo tena. Ukaizima kwa kiatu. Nilikimbia kumwambia Mama." Alikuwa anaongea pole pole, bila kulaumu, kama anavyowasomea watoto wake wa nasari. "Asubuhi nilitoka kwenda shule nikakupata umewasha. Nilingoja uone aibu. Ukanisalimia vizuri tu, ukaniambia nisichelewe. Hapo nikajua umesahau. Sikurudia tena."

Bethwel alitafuta. Alifumba macho akaitafuta siku hiyo kama mtu anayepapasa gizani. Alikumbuka uso wa Oyugi. Alikumbuka kila shamba alilopogoa kuanzia Boito mpaka Mogogosiek, na mahali kila mpaka ulipopita. Alikumbuka Valary akizaliwa. Lakini mtoto wa darasa la sita anayelia nyuma ya zizi, ameshikwa mikono, hakuwepo. Alirudi tena, akatafuta. Hapakuwa na kitu.

"Nililia?" akauliza.

"Sana."

 Alitaka kusema pole, lakini utaombaje msamaha kwa jambo ambalo huna kichwani?

"Niambie tena," akasema. "Yote. Toka mwanzo. Leo nitakumbuka."

Valary alitazama vikombe, akatazama mlango wa jikoni ambako sufuria zilikuwa zinamngoja. Yeye pia alikuwa amesimama tangu alfajiri. Akavuta benchi la wageni karibu, akaketi mbele ya baba yake.

"Ilikuwa Alhamisi," akaanza. "Mvua ilikuwa imenyesha, na nilikuwa sijavaa viatu."